Maswali ya Wasomaji: Matangazo ya Tovuti na Akaunti Zinazofungwa

Safari hii ukurasa huu umetengwa kwa barua zinazohusu matangazo kwenye tovuti na blogu. Karibu waandishi wote wanatumia Google AdSense, mpango wa Google wa kuweka matangazo kwenye tovuti za watu na kuwalipa, ulioanza mwaka 2003 na ambao unakikubali Kiswahili miongoni mwa lugha zake, kwa hiyo majibu yanafuata kanuni za mpango huo. Barua zimefupishwa na majina yameachwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, nina blogu ya kilimo cha mbogamboga. Nimo katika kundi la WhatsApp la wenye blogu, ambamo kila asubuhi mwanachama huweka kiungo chake na wenzake humfungulia kurasa na kumbofyea tangazo moja au mawili. Kiongozi wetu anasema hakuna hatari, kwanza kwa sababu siku hizi malipo hayategemei mibofyo, na pili kwa sababu kila mmoja anatumia simu yake na bando lake. Je, ni kweli? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Kiongozi wenu ameanza na jambo la kweli akafikia hitimisho lisilo sahihi. Ni kweli kwamba mnamo Novemba 2023 Google ilitangaza kuwa AdSense itaacha kuwalipa wenye tovuti kwa kila mbofyo na badala yake itawalipa kwa idadi ya mara tangazo linapoonekana, na utaratibu huo ukaanza kutumika mapema mwaka 2024. Lakini hayo ni mapatano kati ya Google na wewe. Upande wa pili yupo mfanyabiashara aliyeweka tangazo, tuseme muuza mbegu au mwenye hoteli, na wengi wa watu hao bado hukatwa fedha kila tangazo lao linapobofywa. Mwanachama wa kundi lenu anayebofya ili kumfaa mwenzake hana haja ya mbegu wala chumba cha kulala, na fedha inayokatwa ni ya mtu ambaye hakupata hata mteja mmoja. Huyo ndiye ambaye Google inalazimika kumlinda, kwa kuwa akiondoka hakutakuwa na chochote cha kumgawia mwenye blogu yeyote. Ukilishika jambo hilo moja, kanuni nyingine nyingi utazielewa bila kuzikariri.

Kwa sababu hiyohiyo, kulipwa kwa kuonekana hakujapunguza hatari, kumeiongeza. Zamani mtu aliyefungua ukurasa wake mara hamsini bila kubofya aliweza kusema kwamba hakuchukua kitu. Leo kule kufungua kurasa kwa kurudiarudia ili matangazo yahesabiwe ni jambo linaloleta fedha, na kanuni zinakuhesabu kuwa ni batili sawasawa na kubofya tangazo lako mwenyewe, kuwaomba wengine wabofye, au kutumia programu inayobofya badala ya binadamu.

Kuhusu kutambulika, Google haichapishi namna yote inavyokagua, lakini tazama tu alama ambazo kundi lenu linaziacha. Wageni wote wanafika saa ileile kutoka kwenye viungo vya WhatsApp, wanakaa sekunde chache, wanabofya tangazo, kisha wanahamia kwenye blogu ya mwanachama mwingine inayozungumzia mpira au mapishi ya ndoa, na kesho yake simu zilezile zinarudia mzunguko uleule. Bando tofauti halifichi chochote hapo. Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya intaneti, kwa hiyo mfumo wowote makini hauwezi kutegemea anwani peke yake, na lazima uangalie mwenendo. Chukua mfano wa blogu iliyofunguliwa mara 200 kwa siku na matangazo yake kubofywa mara 60: ni msomaji gani wa makala ya ukungu wa nyanya anayevutiwa na matangazo kiasi hicho? Tena ubaya wa kundi ni kwamba linaziunganisha akaunti zenu zote, hivyo aliye mwangalifu anabeba pia uzembe wa asiye mwangalifu.

Ushauri wangu ni utoke leo, wala usisubiri malipo ya mwezi huu. Ondoa pia sentensi yoyote kwenye blogu inayosema “bofya tangazo utuunge mkono”, pamoja na mishale au picha inayoelekeza jicho kwenye tangazo. Juu ya tangazo panaruhusiwa lebo ya kawaida tu, kama vile “Matangazo”. Waambie na watu wa nyumbani, kwa maana ndugu mwenye nia njema ni chanzo cha matatizo ambacho watu wengi hawakifikirii. Ukitaka kujua ni nani anatangaza kwenye kurasa zako, tumia sehemu ya kukagua matangazo iliyomo ndani ya akaunti badala ya kubofya. Na iwapo mtu mwenye chuki ataanza kukubofyea kwa makusudi, ipo fomu ya kuripoti mibofyo ya kutiliwa shaka. Ijaze mapema ukieleza tarehe na ulichokiona kwenye takwimu zako.

SWALI: Nililipia huduma iliyoahidi kuniletea watembeleaji 10,000 “halisi” kwa wiki. Walikuja kweli, lakini sasa naona taarifa kwamba utoaji wa matangazo kwenye akaunti yangu umewekewa kikomo. Je, nimefungiwa? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Bado, dada yangu. Kikomo hicho ni hatua ya muda ambayo mfumo huichukua wakati unachunguza ubora wa wageni wako: matangazo yanaonekana kwa uchache au hayaonekani kabisa, na mara nyingi hali hiyo huondoka yenyewe ndani ya siku 30, ingawa inaweza kurefuka au kurudi. Hakuna rufaa ya kukata hapa, na kuhangaika kubadilisha nafasi za matangazo hakutasaidia.

Linalosaidia ni kukata chanzo. Simamisha huduma hiyo mara moja hata kama ulikwisha kuilipia, kisha fungua takwimu za tovuti utazame watembeleaji wametoka wapi. Ukikuta tovuti ya Kiswahili ya Nakuru imepata ghafla maelfu ya wageni kutoka nchi ambazo hakuna anayesoma Kiswahili, na wote wameondoka kabla ukurasa haujamaliza kufunguka, basi ulichonunua ni roboti au watu wanaolipwa kufungua kurasa. Kulipia matangazo ya tovuti yako kwenye mitandao inayojulikana si kosa. Kosa ni kununua idadi. Muuzaji yeyote anayekuahidi hesabu kamili ya wageni kabla hajauliza tovuti yako inahusu nini, mimi singempa hata shilingi.

Usishangae pia ukiona makato kwenye malipo yako ya mwezi. Mapato yaliyotokana na trafiki batili, yaani ziara na mibofyo isiyo ya kweli, huondolewa, na inapowezekana hurejeshwa kwa wenye matangazo.

SWALI: Tovuti yangu inaweka nyimbo za taarab za zamani na mpya ili watu wapakue bure, na chini ya kila wimbo nimeandika “haki zote ni za msanii”. Kurasa kadhaa zimeondolewa matangazo. Nifanye nini ili tovuti nzima isifuate? – Msomaji, Unguja

JIBU: Kuandika kwamba haki ni za msanii ni kukiri kwamba si zako, na hakuchukui nafasi ya ruhusa. AdSense hairuhusu matangazo kwenye kurasa zenye kazi za watu zilizowekwa bila idhini, na mwenye kazi anaweza kupeleka malalamiko kwa Google chini ya sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1998 iitwayo DMCA, akiwa Unguja au mahali pengine popote. Tangu mwaka 2017 adhabu za namna hii zinaweza kutolewa ukurasa kwa ukurasa, ndiyo maana tovuti yako haijafungwa yote. Lakini makosa yakirundikana bila kurekebishwa, hatua hupanda hadi tovuti nzima na hatimaye akaunti.

Ingia kwenye Kituo cha Sera ndani ya akaunti yako usome kosa la kila ukurasa. Faili zisizo na ruhusa ziondoe. Kuondoa matangazo tu na kuacha nyimbo kunatuliza AdSense, lakini hakumzuii mwenye haki kuja juu. Kwa nyimbo ambazo wasanii au vikundi wako tayari kukuruhusu, pata idhini ya maandishi, na ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, COSOZA, ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia nani anamiliki nini. Kisha ujiulize kama tovuti inahitaji faili hizo hata kidogo. Historia ya vikundi, maelezo ya mashairi, habari za maonyesho, mahojiano na wapigaji wa ala za udi na kanuni: hayo ni maandishi yako mwenyewe, yana wasomaji, na hakuna wa kuyadai.

Jambo jingine ambalo hukuliuliza ila nimeliona kwenye tovuti nyingi za kupakua: tangazo kuwekwa ubavuni mwa kitufe cha “Pakua” kiasi kwamba msomaji hajui kitufe ni kipi. Hata kama mpangilio huo ulitokea kwa bahati mbaya, unahesabiwa kuwa ni kuwalaghai watu wabofye. Acha nafasi ya kutosha kati ya tangazo na kitufe chochote, menyu au picha inayofunguka, na uikague tovuti kwenye simu ndogo ya kawaida, kwa sababu huko ndiko vitu hubanana.

SWALI: Kampuni ya kamari imeniomba niiwekee makala tano zenye viungo vya kwenda kwao, kwa malipo mazuri, na imesisitiza nisiandike kwamba zimelipiwa. Je, AdSense watanifungia? – Msomaji, Mombasa

JIBU: AdSense huenda wasikufungie, kwa kuwa tangu mwaka 2019 kurasa zinazohusu kamari huhesabiwa katika kundi la maudhui yanayopata matangazo machache, si lazima ziwe kosa. Hatari yako iko upande wa pili, kwenye utafutaji wa Google, na watu wengi huichanganya adhabu hiyo na ya AdSense. Kiungo kilicholipiwa kinatakiwa kitambulishwe kwenye msimbo wake kwa alama ya rel="sponsored", iliyoanzishwa Septemba 2019, au ile ya zamani ya rel="nofollow". Usipofanya hivyo unahesabiwa kuwa unauza viungo ili kupandisha tovuti ya mwingine, na mkaguzi akithibitisha, utakuta taarifa ya adhabu kwenye Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti hali yake katika utafutaji, na kurasa zako zitashuka au kupotea katika matokeo. Akaunti ya matangazo itabaki hai, ila haitakuwa na msomaji wa kumwonyesha tangazo.

Zaidi ya hayo, Machi 2024 Google ilitangaza kanuni dhidi ya tovuti zinazokodisha jina lao jema kwa maudhui ya watu wengine yasiyohusiana nazo, na utekelezaji wake ukaanza Mei mwaka huohuo. Sijui blogu yako inahusu nini, lakini kama ni ya malezi au dini, makala tano za kamari zinaangukia karibu sana na kanuni hiyo.

Waambie kwamba makala itaandikwa wazi kuwa imelipiwa na viungo vitawekewa alama. Sharti lao la kuficha linaonyesha wanachonunua: si wasomaji wako, ni nafasi yako katika utafutaji. Wakikataa, waache waende.

SWALI: Akaunti yangu ya matangazo ilifungwa kwa trafiki batili. Kijana mmoja ananiuzia akaunti iliyokwisha kuidhinishwa, na rafiki ananishauri nifungue nyingine kwa jina la mke wangu. Lipi ni salama? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Hakuna lililo salama kati ya hayo mawili. Kila mtu anaruhusiwa akaunti moja, na aliyefungiwa kwa trafiki batili hatakiwi kurudi kwa mlango mwingine. Akaunti ya kununua ina jina na anwani ya mtu mwingine. Siku itakapodaiwa kitambulisho, au namba ya siri inayotumwa kwa posta salio linapofikia dola 10, aliyekuuzia ndiye atakayekuwa mwenye akaunti na wewe utakuwa umemfanyia kazi. Na jina la mke wako likiwekwa kwenye tovuti ileile, kompyuta ileile na wasomaji walewale, ni jina tu lililobadilika.

Kwanza soma tena barua pepe uliyopewa uone kama akaunti imefungwa au imesimamishwa tu, maana kusimamishwa kwa kawaida huisha baada ya siku 30. Kama imefungwa, una fomu ya rufaa, na ichukulie kana kwamba ni nafasi moja tu. Andika namba ya akaunti inayoanza na “pub-”, eleza wageni wako walitoka wapi, kisa gani kingeweza kuleta mibofyo ile, na umebadilisha nini tangu hapo, ukiambatanisha takwimu ulizonazo. Kueleza kwamba fedha hizo zilikuwa za ada ya watoto hakumsaidii mkaguzi kuamua lolote. Kama ulibofya mwenyewe, sema ulibofya.

Rufaa ikikataliwa, tovuti yako bado ni yako. Wapo wenye maduka ya pembejeo, vyuo na kampuni za usafirishaji wa samaki hapo Mwanza ambao wanaweza kukulipa kwa mwezi kwa bango moja lililowekwa waziwazi, na mimi naona tovuti nyingi za Kiswahili zingeanza na njia hiyo hata kabla ya kuomba AdSense.

SWALI: Ninaandika mapishi ya pwani kwa Kiswahili na wasomaji wangu wengi wako Ujerumani na Uingereza. Nimeambiwa nahitaji ujumbe wa ridhaa. Je, ni lazima? – Msomaji, Hamburg

JIBU: Ni lazima. Tangu tarehe 16 Januari 2024, kwa wasomaji walioko Umoja wa Ulaya na Uingereza, AdSense inadai ujumbe wa kuomba ridhaa ya kutumia taarifa zao, uliotengenezwa kwa mfumo ulioidhinishwa na Google. Uswisi iliongezwa Julai mwaka huohuo. Haijalishi mwandishi anaishi wapi au anaandika lugha gani, kinachoangaliwa ni alipo msomaji. Ndani ya akaunti yako, kwenye sehemu ya faragha na ujumbe, upo mfumo wa Google wenyewe usio na malipo. Uwashe, kisha uongeze kwenye tovuti ukurasa wa sera ya faragha unaoeleza kwamba matangazo yanatumia vidakuzi, yaani faili ndogo zinazohifadhiwa kwenye kivinjari cha msomaji.