Maswali ya Wasomaji: Rangi imegoma kushika kwenye kingamwili

SWALI: Nilitaka kuunganisha fluoresini-5-maleimidi (rangi inayong'aa) na IgG (kingamwili), miligramu 2 katika mililita 1. Niliifungua IgG kwa DTT (kemikali inayovunja vifungo vya salfa) ya milimoli 10 kwa lita, nusu saa, kisha nikatia rangi humo humo, pH 8.5, hadi asubuhi. Kwenye safu ya Sephadex G-25 (hutenganisha molekuli kubwa na ndogo) protini ilitoka nyeupe, rangi yote ikafuata nyuma. Rangi ilikuwa mbovu?
Mwanafunzi wa uzamili, Morogoro

JIBU: Si lazima. Rangi yako imeliwa na DTT. Maleimidi, sehemu ya rangi inayonata, hushika thioli (kikundi cha salfa na hidrojeni) yoyote inayoikuta, na DTT ina mbili kwa kila molekuli: katika mililita 1 ulikuwa na nanomoli 20,000 za thioli. IgG yako ni nanomoli 13 tu. Hata ungetia rangi mara kumi ya hiyo, kila molekuli ya rangi ingezungukwa na thioli za DTT zipatazo 150. Ukipenda DTT, ipitishe protini kwenye safu kwanza, ndipo utie rangi.

Sisi tungetumia TCEP, nayo huvunja vifungo vya salfa lakini haina thioli. Lakini usiimwage ovyo, maana nayo ikizidi huishambulia maleimidi. Molekuli 2.5 kwa kila IgG zinatosha kufungua baadhi ya vifungo vya salfa vinavyounganisha minyororo: mikrolita 33 za TCEP ya milimoli 1 kwa lita, iliyotengenezwa siku hiyo na kusawazishwa hadi pH 7, kwani unga wake ni tindikali. Bafa iwe ya fosfeti, pH 7.0, yenye EDTA (hunasa metali) milimoli 2 kwa lita, iliyopulizwa naitrojeni. Bila EDTA, chembe za shaba na chuma huisaidia oksijeni kuzifunga tena thioli. Iache nyuzi 37 kwa saa mbili.

Rangi: yeyusha miligramu 1 katika mikrolita 234 za DMSO (kiyeyushi) kavu, upate milimoli 10 kwa lita. Tia mikrolita 13 kwenye IgG huku ukitikisa, weka gizani saa moja, malizia na sisteini (asidi amino yenye thioli) kidogo ili kuua maleimidi iliyobaki, kisha pitisha kwenye safu.

Na ile pH 8.5 iache. Kuanzia 8 kwenda juu, amini za lisini (asidi amino nyingine ya protini) nazo huanza kushika, na pete ya maleimidi hufunguliwa na maji. Ikishafunguka haishiki thioli tena. Ndiyo maana pia akiba ya rangi iliyoyeyushwa kwenye maji haiwekwi hata kwenye friji.

Unapopima kiasi cha rangi, hapo ndipo upandishe pH hadi 8 au 9, la sivyo fluoresini itasoma pungufu. Kwenye jeli ya SDS (hupanga protini kwa ukubwa) utaona vipande; usishtuke, minyororo haishikwi tena na salfa.

SWALI: Kingamwili yenye rangi ikiwekwa kwenye seramu (majimaji ya damu), rangi huhamia kwenye albumini, protini ya damu. Kwa nini?

JIBU: Muungano wa maleimidi na thioli unaweza kurudi nyuma, na albumini ina sisteini huru, ya 34, inayosubiri. Dawa za saratani zilizounganishwa na kingamwili kwa njia hii, kama Adcetris, zina tatizo hilo hilo. Suluhisho lake ni kuifungua pete baada ya kuunganisha, maana ikifunguka ikiwa tayari imeshika, haiachii: baada ya safu, iweke kwenye pH 8 hadi 8.5, nyuzi 37, saa kadhaa. Rangi yako hufunguka upesi kwa sababu maleimidi yake imeshikana moja kwa moja na pete ya benzini. Zenye mnyororo wa kaboni huchukua muda mrefu zaidi.