Barua kwa Mwanangu Kuhusu Kildall, IBM na Ile Safari ya Ndege

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, sisi hatujambo. Barua yako imenifikia. Unasema mkufunzi wenu wa biashara amewaeleza kwamba Gary Kildall, mtunzi wa programu za kompyuta huko Marekani, aliukosa mkataba wa kampuni kubwa ya kompyuta ya IBM kwa sababu siku wageni wa IBM walipobisha hodi yeye alikuwa angani akijiburudisha na ndege yake, nawe ukagundua kwamba watu waliokuwapo siku hiyo hawasimulii mamoja, ukaniuliza tumwamini nani. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu nilitunza hesabu za ofisi kwa miaka mingi kwenye kompyuta zilizoendeshwa na DOS, mfumo uliozaliwa na mkasa huu, na kwa sababu naumia kuona marehemu akigeuzwa mfano wa uzembe kwa ushahidi mdogo kiasi hiki.

Kwanza yale wasiyobishania. Mwaka 1980 IBM ilikuwa ikiunda kompyuta yake ndogo kwa siri huko Boca Raton, Florida, na ilihitaji mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Jack Sams, aliyetumwa kutafuta programu, alianzia kwa Bill Gates wa Microsoft, akaelekezwa kwa Kildall, mwenye CP/M, mfumo uliotumika sana katika kompyuta ndogo za wakati ule. Ujumbe wa IBM ulipofika Pacific Grove, California, kwenye Digital Research, kampuni ya Kildall, mwenyewe hakuwapo, na aliyewapokea ni mkewe, Dorothy McEwen, ambaye alikuwa mshirika wake katika kuiendesha kampuni. Wakamwekea mezani hati ya kutunza siri. Akashauriana na wakili wao, Gerry Davis, kisha akakataa kuitia saini.

Hati yenyewe iliwataka wao wanyamaze hata kuhusu ujio wa IBM, huku ikiiacha IBM huru kuhusu lolote ambalo ingeambiwa ndani ya chumba kile. Mimi simlaumu mama yule hata kidogo. Mtu anayelinda mali iliyomlisha yeye na wafanyakazi wake ana haki ya kusita mbele ya karatasi ya namna hiyo, na inanishangaza kwamba wasimulizi wengi humpitia haraka ili wafike kwenye ndege.

Na ndege ilikuwapo kweli, ila safari ilikuwa ya kazi: Kildall alikwenda kumwona mteja wake, Bill Godbout, mtengenezaji wa kompyuta. Mchezo wa angani uliongezwa baadaye na watu ambao hawakuwapo.

Ugomvi halisi unaanzia mchana. Kildall alisimulia kwamba alirudi, akakutana na wageni, na kwamba usiku huo yeye na mkewe walisafiri kwenda Florida katika ndege moja na watu wa IBM, wakaendelea kuzungumza hadi wakapeana mikono. Tom Rolander, mfanyakazi wake, anaunga mkono kwamba Kildall alikutana nao. Sams, kwa upande wake, amesisitiza kwamba hakuwahi kumwona Kildall. Hapa hakuna njia ya kuwapatanisha kwa maneno laini. Kuhusu mchana, namwelemea Rolander, kwa sababu anaeleza alichokishuhudia, ilhali kauli ya Sams, hata ikiwa ya kweli, inatueleza tu kile ambacho yeye hakukiona. Lakini kuhusu kupeana mikono siwezi kwenda mbali na Kildall, kwa kuwa hakukuzaa karatasi yoyote, na kumbukumbu zake aliziandika mwaka 1993, akiwa amekwisha kuumizwa sana na simulizi za watu.

Lakini mwanangu, hata tukimkubalia Sams kila neno, ndege haielezi kilichotokea baadaye. CP/M-86, toleo la CP/M kwa ajili ya chipu mpya za Intel za biti 16 (chipu ndiyo ubongo wa kompyuta), ilikuwa imechelewa. Kwa sababu ya kuchelewa huko, Tim Paterson wa Seattle Computer Products alikwisha kuandika mfumo wake mwenyewe, akiufuata mwongozo wa CP/M ili programu zilizokuwapo ziweze kuhamishwa bila taabu kubwa. Ufanano huo ulikuwa wa karibu mno: mfumo endeshi huzipa programu huduma zenye namba, na katika CP/M huduma namba 9 huandika maneno kwenye kioo mpaka ikutane na alama ya dola, na katika DOS huduma namba 9 hufanya vivyo hivyo, na huishia kwenye alama ile ile ya dola. Mfumo huo ndio Microsoft ilioununua mwaka 1981 kwa dola 50,000, ukawa DOS ya IBM.

Kildall alipouona alilalamika, akatishia kwenda mahakamani, na IBM ikakubali kuuza CP/M-86 pamoja na DOS. Hili ndilo jambo ambalo mkufunzi wenu hakuwaambia, nami naliona kubwa kuliko yote: mkataba wa IBM Kildall aliupata. Aliupata akiwa amechelewa, na mnunuzi alipofika dukani alikuta DOS inauzwa dola 40 na CP/M-86 dola 240. Nani angelipa mara sita kwa kitu kinachofanya kazi ile ile, hasa DOS ikiwa imetangulia kuingia sokoni?

Kildall alifariki mwaka 1994 akiwa na miaka 52, na sehemu ya kwanza ya kumbukumbu zake ilitolewa kwa umma mwaka 2016, miaka zaidi ya 20 baada ya simulizi ya ndege kuzoeleka. Mkufunzi wenu akiirudia darasani, mwulize kwa adabu bei ile ya dola 240 ilipangwa vipi na nani aliiridhia, kisha uniandikie atakavyojibu.

Baba yako anakusalimu sana.

Mama yako