Je, yafaa kununua na kuuza bunduki za kale kwenye mnada wa mtandaoni?

Swali

Assalaam alaykum warahmatullah, Sheikh. Mimi ni mkaazi wa Mombasa na riziki yangu ni duka la vipuri vya simu. Binamu yangu anaishi Marekani, ambako wakusanyaji wananunua bunduki za kale kupitia minada ya mtandaoni. Anataka mimi nitoe mtaji, yeye anunue huko, kisha tuziuze tena humo humo mnadani na faida tugawane nusu kwa nusu. Mimi sitaziona wala kuzigusa. Rafiki yake mmoja atakuwa akiweka dau kwenye bunduki zetu ili bei isianguke. Tena nyumbani kwetu Kibokoni kuna bunduki ya gumegume, ile ya kizamani inayowashwa kwa cheche za jiwe, ya marehemu babu mzaa mama, ina pete za fedha kwenye mtutu. Wageni wengi wameisifu. Nataka niipige picha niiingize kwenye mnada huo. Je, biashara hii ni halali?

Jibu

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu yangu, umeuliza swali moja lakini limebeba maswali kadhaa, na hukumu zake hazifanani. Kuuza kwa mnada ni halali. Silaha nayo asili yake ni mali, yauzwa na yanunuliwa. Lakini mpango huu wa binamu yako, kama ulivyoueleza, haufai. Na bunduki ya babu si yako kuiuza. Hili naona hukulifikiria kabisa, nami nitalirudia kwa urefu.

Mnada hauna mgogoro mkubwa. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alinadi tandiko na bakuli la mtu mmoja wa Ansari. Mtu akasema dirhamu moja, Mtume akauliza nani atazidisha, mwingine akatoa dirhamu mbili akauziwa. Tirmidhi ameipa hadithi hii daraja ya hasan, yaani nzuri yenye kukubalika. Katazo la kununua juu ya ununuzi wa nduguyo linahusu pale watu wawili wamekwisha kuelewana bei. Mnadani hakuna aliyekwisha kuelewana na mtu mpaka mnadi afunge, au, kwenye mtandao, mpaka saa ikatike. Kwa hiyo kungoja sekunde za mwisho ndipo uweke dau hakuna dhambi. Wengine huudhika, lakini kuudhika kwao hakuharamishi. Muuzaji kuwa na bei ya chini ambayo haitaji hadharani pia yafaa, maadamu masharti ya mnada yamesema kwamba bei hiyo ipo.

Huyo rafiki wa kupandisha dau ni habari nyingine. Hiyo ndiyo najash, na Ibn Umar (r.a.) amepokea katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) ameikataza. Naye Sahaba Ibn Abi Awfa (r.a.) amesema mwenye kufanya najash ni mla riba na mhaini. Usijitetee kwamba lengo ni kuzuia hasara. Mnunuzi anapoona dau jingine anaamini kuna mtu anayekitaka kitu kile kweli, na imani hiyo ndiyo mnayoifanyia biashara. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba mauzo yenyewe yanasihi, yaani hayabatiliki, na mnunuzi hana haki ya kurudisha kwa sababu hiyo peke yake. Hanbali wanampa hiari akiwa amepunjwa sana. Lakini kusihi kwa mauzo hakumwondolei mtu dhambi, na hapa wanaobeba dhambi ni watatu: rafiki, binamu yako, na wewe uliyejua ukanyamaza. Ukiogopa hasara, weka bei ya chini, basi.

Nije kwenye silaha. Abu Qatada (r.a.) alipata deraya, vazi la chuma la vitani, katika vita vya Hunayn, akaiuza, na kwa thamani yake akanunua bustani kwa Bani Salima. Bukhari ameitaja hadithi hiyo katika mlango wa kuuza silaha wakati wa fitina na wakati mwingine, na katika mlango huo huo akataja kuwa Imran bin Husayn (r.a.) alichukia kuuza silaha wakati wa fitina. Wanazuoni wa Shafi wamefafanua: kumuuzia silaha mtu unayemshuku kuwa ni jambazi au mwasi ni makuruhu, yaani jambo linalochukiza, na ukiwa na yakini ya uovu wake ni haramu. Msingi wake ni neno la Mwenyezi Mungu katika Suratul Maida, aya ya 2: “Na saidianeni katika wema na uchamungu, wala msisaidiane katika dhambi na uadui.”

Sisi wa Mombasa hatuhitaji kuelezwa fitina ni nini. Waliokuwapo Likoni Agosti 1997, kituo cha polisi kilipovamiwa na bunduki kuchukuliwa, wanajua silaha ikishatoka mikononi mwa anayewajibika nayo inafika wapi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji wa silaha ni: nani ananunua? Na kwenye skrini unachokiona ni jina la kubuni na tarakimu. Kwa bunduki nyingi sheria ya Marekani imesaidia hapo, kwa kuwa muuzaji wa jimbo moja hampelekei bunduki mnunuzi wa jimbo jingine mkononi. Huituma kwa mfanyabiashara mwenye leseni karibu na mnunuzi, naye humkagua kabla ya kumkabidhi. Lakini bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, kwa sheria yao ya mwaka 1968, inahesabiwa kuwa ya kale na inatoka nje ya utaratibu huo. Yaani zile mnazozitamani zaidi ndizo zenye ukaguzi mdogo zaidi. Sisemi kila anayenunua bunduki ya gumegume ana nia mbaya. Wengi wao ni wazee wapenda historia wanaoiweka kabatini. Nasema muuzaji asijifiche nyuma ya neno “ya kale.”

Sasa mtaji wako. Mkataba ulioueleza, mmoja atoe pesa na mwingine afanye kazi, ndio mudharaba, na nusu kwa nusu ya faida yafaa. Hasara ikija bila uzembe ni ya mtaji wako peke yako, na binamu yako atakuwa amepoteza jasho lake. Muulize kama mmeelewana hivyo, maana wengi hugombana hapo.

Shida haiko kwenye mgao. Katika mudharaba bidhaa ni ya mwenye mtaji, na anayefanya kazi ni kama wakili wake. Sasa angalia linalotokea Marekani. Bunduki isiyokuwa ya kale, hata iwe na miaka 50 au 80, inaponunuliwa kwa mfanyabiashara mwenye leseni, mnunuzi hujaza fomu ya serikali, namba 4473, inayomuuliza: je, wewe ndiye mnunuzi halisi? Binamu yako atajibu ndiyo, ilhali pesa ni yako na bunduki ni yako. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilishikilia kwamba kusema uongo hapo ni kosa hata kama yule anayenunuliwa bunduki hiyo anaruhusiwa kumiliki silaha. Huenda akakwambia kuwa ana leseni ya wakusanyaji, ile inayomruhusu kupokea bunduki za zaidi ya miaka 50. Leseni hiyo ni ya kujijengea mkusanyo wake mwenyewe. Si leseni ya kufanya biashara. Kununua ili kuuza kwa faida, mara kwa mara, kunahitaji leseni ya mfanyabiashara. Binamu yako aliingia nchi ile kwa masharti, na Waislamu, kama ilivyo katika hadithi ya Tirmidhi, wako juu ya masharti yao. Akihukumiwa, watakaolia ni mke na watoto.

Liko na suala la kukabidhiwa. Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza bidhaa pale pale iliponunuliwa mpaka wafanyabiashara waichukue waipeleke kwao, hadithi hiyo iko kwa Abu Dawud kutoka kwa Zayd bin Thabit (r.a.). Bunduki mnayoishinda leo na kuinadi kesho, nayo bado iko ghalani kwa muuzaji wa kwanza, hamjaipokea mikononi. Wewe uliye Mombasa huwezi kuipokea bila leseni na kibali cha kuingiza silaha. Binamu yako anaweza kukupokelea kama wakili, lakini uwakili wenyewe, kwa bunduki zisizokuwa za kale, umesimama juu ya uongo wa fomu, kama nilivyosema. Kila mlango mnaoujaribu unafunguka kwenye kosa jingine.

Kuhusu kununua kwa picha: kauli yenye nguvu kwa Shafi ni kwamba kitu kilichopo ambacho hakijaonekana hakiuziki. Hanafi wanaruhusu, na mnunuzi ana hiari akikiona. Wanazuoni wengi wa leo huona picha za kutosha zenye maelezo ya kweli zinaondoa gharari, yaani utata wa kutojua unachonunua, nami naliegemea hilo, kwa sharti kwamba kasoro zitajwe zote. Bunduki za kale zina ghushi nyingi: kitako kipya kwenye mtutu wa zamani, namba iliyochongwa upya, chuma kilichong'arishwa mpaka alama za mtengenezaji zikafutika. Muuzaji anayejua na akanyamaza amefanya khiyana, hata aandike “yauzwa kama ilivyo.”

Turudi Kibokoni.

Unasema ni bunduki ya marehemu babu, mzaa mama. Basi siku alipofariki iliingia katika tarka yake, mali aliyoiacha, pamoja na nyumba na vyombo, na warithi wake ni walioachwa hai siku ile: mke au wake zake kama walikuwapo, wazazi wake kama walikuwa hai, wanawe wa kiume na wa kike. Wewe ni mtoto wa binti. Mtoto wa binti, warithi hao wakiwapo, hana fungu. Mama yako analo, wajomba na mama zako wadogo wanalo, na aliyekufa kati yao fungu lake limekwenda kwa warithi wake. Kwamba bunduki imekaa ukutani kwenu miaka yote bila mtu kuiulizia hakufuti haki ya mtu. Nimeona katika mji wetu sanduku moja la Lamu likivunja udugu, na watu hao kabla ya hapo walikuwa wakila sinia moja. Waite wenyewe kwanza. Wakikubali wote, mtu mzima kila mmoja, iuzwe au itolewe, hapo ndipo maneno mengine yaje.

Na maneno mengine yapo. Sheria ya Silaha ya Kenya inatafsiri silaha kwa upana, ikiwamo ya mtutu yoyote inayoweza kutoa risasi na kudhuru, na kumiliki bila cheti ni kosa. Usiamue mwenyewe kwamba hii ni pambo. Anayeamua ni Bodi ya Leseni za Silaha. Juu ya hapo kuna Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006, ambayo inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895 kuwa mambokale, na mambokale hayatoki nchini bila kibali. Bunduki ya gumegume yenye pete za fedha huenda ikawa ya umri huo. Ukiipiga picha na kuitia mtandaoni utakuwa umetangaza makosa mawili kwa mkono wako mwenyewe.

Hata fedha ile ina hukumu yake. Kupamba silaha kwa fedha kunaruhusiwa kwa mwanamume; kishikio cha upanga wa Mtume (s.a.w.) kilikuwa na fedha, kwa riwaya ya Anas (r.a.). Kuiuza ndiko kwenye tahadhari. Fadala bin Ubayd (r.a.) alinunua siku ya Khaybar mkufu wa dhahabu na vito kwa dinari 12, alipoutenganisha akakuta dhahabu yake inazidi dinari 12, na Mtume (s.a.w.) akasema usiuzwe mpaka utenganishwe. Hapo ilikuwa dhahabu kwa dhahabu. Sisi twalipana noti, na Akademia ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Amman mwaka 1986 iliamua kuwa noti zina hukumu ya dhahabu na fedha, kila sarafu jinsi yake. Kwa hiyo fedha kwa noti huuzwa mkono kwa mkono, malipo na makabidhiano papo hapo. Mnada wa mtandaoni hulipwa leo na mzigo hufika wiki kadhaa baadaye. Ikiwa fedha ni mchovyo tu usiotoa kitu ukipitishwa motoni, haizingatiwi. Lakini pete ulizozitaja zaonekana si mchovyo.

Basi fanya hivi. Mwambie binamu yako mpango umekufa, na kama umekwisha kumtumia pesa akurudishie zilizobaki. Faida iliyopatikana kwa dau za yule rafiki, warudishiwe wanunuzi ile ziada mkiweza kuwajua, na msipoweza itolewe kwa maskini bila kunuia thawabu ya sadaka. Kwa bunduki ya babu, ukishazungumza na warithi, nenda kituo cha polisi mikono mitupu ueleze ilivyo. Usiifunge kwenye kanga ukapanda nayo matatu. Wao ndio wakwambie italetwaje au watakuja kuichukua vipi. Waandikie pia wa makavazi pale Fort Jesus, wanaozijua silaha za Waomani na Wareno kuliko mimi. Warithi wakiamua kuwapa, ni sadaka yao. Wakitaka kuuza kwa njia itakayoruhusiwa, thamani igawanywe kwa mafungu ya mirathi, na wewe kwa kazi yako ya udalali udai ujira wa kiasi mtakachokubaliana kabla ya kuuza, si baada yake.

Wallahu aalam.