Kengele ya kamera: pima umeme kwanza

Kaka, hiyo kengele ya kamera uliyoletewa kutoka Marekani usiiunge moja kwa moja kwenye nyaya za kengele ya zamani. Nyingi za kule zinataka volti 16 hadi 24 za AC (umeme wa mkondo geu), wakati swichi ya getini kwako huenda inapitisha 230 kamili. Itaungua papo hapo, na shoti inaweza kukuua. Mwite fundi umeme apime kwa mita. Akikuta 230, azime meinswichi, afunge transfoma ya kengele (kifaa cha kupunguza volti) ndani ya nyumba, yenye volti zilizoandikwa mgongoni mwa kengele. Transfoma ya Marekani hapana, ile ni ya volti 120. Wi-Fi nayo ijaribu kwa simu ukiwa palepale getini. Ikiwa dhaifu, picha itakatakata tu.