Nyuso kutoka giza kwenye picha za Costa Chica
Umeuliza kwa nini nyuso za Wameksiko wenye asili ya Afrika zinatoka giza kwenye picha za Costa Chica, pwani ya Pasifiki ya Meksiko: ni kwa sababu kamera inapima mwanga mkali wa mchanga na anga. Weka upimaji wa nukta (kamera ipime sehemu ndogo tu ya picha), pima shavuni, kisha punguza stopu 1 hivi, yaani mwanga uwe nusu. Usipopunguza, ngozi itapauka, na hilo ni kosa baya vilevile. Saa sita mchana mhamishie mtu kivulini.

Na jamani, msiishie kwenye ngoma ya Mashetani, ile ya vinyago inayochezwa Siku ya Wafu mwanzoni mwa Novemba! Wakulima wa Cuajinicuilapa na wavuvi wa Punta Maldonado wapo mwaka mzima, na sensa ya 2020 ilihesabu Wameksiko wenye asili ya Afrika zaidi ya milioni 2.5 nchini kote. Maelezo ya picha yataje jina, kazi na kijiji, mwenyewe akiridhia.