Shangazi Anajibu: Kaka katoka kizuizini ila nyumba haijatulia

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi nipo Ohio, kaka yangu yuko mji wa jirani na mke wake na watoto wawili. Kaka ni raia wa Marekani kabisa, aliapa 2015, paspoti anayo ila siku ile ilikuwa kwenye droo nyumbani. Anatoka shifti ya usiku maofisa wa uhamiaji wakamsimamisha, akawaambia mimi ni raia, wakamjibu utaeleza huko mbele. Kakaa ndani siku tatu mpaka wifi alipopeleka paspoti ndo wakamwachia, hakuna samahani hakuna nini. Sasa ni wiki ya sita, haongei, ukimuuliza anasema yameisha niacheni. Wifi halali. Mtoto wa miaka saba akisikia mlango unagongwa anakimbilia bafuni. Ndugu tumefungua grupu la WhatsApp, kila mtu anataka kwenda kumpa pole, mjomba anataka tumrekodi video turushe mitandaoni. Tuwasaidieje bila kuwa kero? Na kudai fidia tudai au tuache? – Dada mtu, Ohio

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni jamani. Naanza na hilo grupu maana ndo linanitia wasiwasi kuliko yote. Sisi tunajua kutoa pole kwa kujaza sebule, tunakaa, tunauliza "ilikuwaje", akifika mwingine inasimuliwa upya kutoka mwanzo. Kwenye msiba sawa. Ila huyu katoka kuhojiwa siku tatu na watu wasiomwamini, hataki tena kuhojiwa na mashemeji. Mmoja wenu, wewe hapo unafaa, awe ndo anaenda, na akienda afanye kazi, sio maswali. Mpeleke gari gereji, kaeni mwangalie mpira, akitaka kuongea ataongea mkiwa njiani hamtazamani, wanaume wengi ndo walivyo.

Wifi yako je? Nimesoma barua yako mara mbili, yeye ndo alizunguka na paspoti, yeye ndo alipiga simu zote, na sioni aliyempa pole yeye. Hizo usiku asizolala nenda ukalale kwake siku mbili tatu, mwambie leo mlango na simu viko kwangu we lala. Mtoto naye msimdanganye kwamba wale maofisa hawatarudi tena, hamjui hilo na yeye anajua hamjui. Mwambieni walimchukua baba kwa makosa, paspoti sasa tunajua iko wapi, na tunajua wa kumpigia. Halafu wekeni utaratibu kwamba hakuna mgeni anayegonga bila kupiga simu kwanza, ndugu wote, mjomba akiwemo. Mwalimu wake aambiwe kwa kifupi, na hali ikiendelea mtafutieni mshauri wa watoto.

Mchango changeni, shifti alizokosa ni pesa, ila lipeni bili moja kwa moja au mpeni wifi mkononi, msitangaze majina na viwango kwenye grupu kama kamati ya harusi.

Sasa fidia. Kaka anasema yameisha, kwake ni haki yake kusema hivyo, ila sheria inahesabu siku hata akinyamaza. Ukiidai serikali kuu ya Marekani kwa kosa la maofisa wake, madai ya maandishi lazima yaifikie idara husika ndani ya miaka 2, kuna fomu yake inaitwa SF-95 na lazima utaje kiasi kamili cha pesa unachodai. Idara ina miezi 6 ya kujibu, wakikataa una miezi 6 ya kwenda mahakamani. Na kama alilala kwenye jela ya kaunti, kuidai kaunti ni njia nyingine na muda unaweza kuwa mfupi zaidi. Kuna kijana wa New York, mzaliwa wa Jamaika lakini raia, alishikiliwa karibu miaka mitatu na nusu tangu 2008. Jaji akaamua 2016 alipwe dola 82,500, mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikafuta, ikasema muda wa kudai ulipita, yaani ulipita akiwa bado yumo humo humo ndani bila wakili! Mimi hiyo kesi hainitoki kichwani.

Kwa hiyo msimlazimishe kushtaki, ila msimwachie mlango ujifunge. Wewe chukua daftari andika yale unayoyajua na wifi aandike ya kwake, siku, saa, alishikwa wapi, alipelekwa wapi, karatasi gani alipewa, nani alipigiwa simu saa ngapi (historia ya simu ipigwe picha leo leo). Risiti zote za mafuta, siku za kazi alizokosa, daktari. Eneo lile kama lina kamera ombeni rekodi kwa barua sasa hivi maana huwa zinafutwa, wiki sita ni nyingi lakini jaribuni. Wakili wa haki za raia mkimpata, jueni kwa madai ya aina hii dhidi ya serikali kuu sheria haimruhusu kuchukua zaidi ya 20% yakiishia kwenye idara, au 25% yakifika mahakamani. Anayetaka nusu, au yule "anayejua kujaza fomu" wa mtaani, kimbieni.

Video ya mjomba hapana. Atakachosema kaka akiwa na hasira, akikosea hata saa, kitaletwa mezani baadaye, na watoto wanaosoma na mwanae watakiona shuleni. Wakili akishauri kuongea na waandishi, na kaka mwenyewe akitaka, ni mambo mengine. Na mwambieni hayuko peke yake, ripoti ya GAO, wakaguzi wa Bunge la Marekani, ya 2021 ilionyesha toka 2015 hadi mapema 2020 ICE, idara ya hao maofisa wa uhamiaji wanaokamata watu, iliwakamata watu 674 ambao huenda ni raia, na 70 walifukuzwa nchini kabisa.

SWALI: Shangazi mimi niliapa uraia mwanangu akiwa na miaka 12, tunaishi wote, yeye bado ana grinkadi tu, kile kibali cha ukaazi wa kudumu. Ni raia au sio? – Mama wa Texas

JIBU: Kama alikuwa chini ya miaka 18, ana grinkadi na anaishi nawe hapo Marekani chini ya uangalizi wako kisheria, alishakuwa raia siku ile ile ulipoapa, hakuna ombi wala kiapo chake. Shida ni ushahidi. Mwombee paspoti, peleka cheti chako cha uraia, cheti chake cha kuzaliwa na grinkadi yake, au omba cheti chake mwenyewe kwa fomu N-600 ambayo ni ghali zaidi. Usisubiri. Yule kijana wa New York alikuwa raia kwa njia hii hii kupitia baba yake, akawaambia maofisa, wao wakaenda kuangalia faili la mtu mwingine mwenye jina linalofanana na la baba.