Damu imekoma, mume hataki kupimwa

SWALI: Mume wangu ana miaka 52 na anavuta sigara tangu ujana. Mwezi uliopita alikojoa mkojo mwekundu kwa siku mbili bila maumivu. Alisema ni bitiruti aliyokula. Mkojo ukarudi rangi yake, naye akasema amepona. Juzi wakati wa kufua nimeona doa la damu kwenye nguo yake ya ndani. Nikimgusia habari ya hospitali anang'aka, anasema namtakia ugonjwa. Nifanyeje?

JIBU: Dada, wasiwasi wako una msingi. Damu kwenye mkojo kukoma si dalili ya kupona. Uvimbe wa kibofu huweza kuvuja damu siku mbili tatu, ukanyamaza wiki kadhaa au hata miezi, kisha ukaanza tena, na katika ukimya huo ndipo wagonjwa wengi hupoteza muda. Kutoumwa nako kusimtulize. Mawe na maambukizi ya njia ya mkojo mara nyingi huuma, lakini saratani ya kibofu mwanzoni mara nyingi haiumi. Kwa mvutaji wa umri wake, mkojo mwekundu hata mara moja tu unatosha kumpeleka kwa daktari, kwa sababu sumu za moshi huchujwa na figo na kukaa kibofuni kwa saa nyingi.

Hata hivyo, neno saratani usianze nalo. Sababu nyingine zipo na nyingi zina tiba: maambukizi, mawe, tezi dume kukua, au kichocho kwa aliyewahi kuoga au kuvua kwenye maji yenye ugonjwa huo.

Zungumza naye mkiwa wawili, si mbele ya watoto wala ndugu, na si usiku akiwa amechoka. Ukimwuliza "Kwa nini hutaki?" atajitetea tu. Mwulize, "Unaogopa watakufanya nini?" kisha nyamaza umsikilize. Mara nyingi mwanaume anahofia kuingizwa kidole, kuwekewa mpira wa mkojo, au kuambiwa habari za nguvu za kiume. Ukiijua hofu yenyewe utaweza kumjibu kwamba hatua ya kwanza ni kukojoa kwenye kopo, basi. Ombi lako liwe dogo na liwe na siku: "Jumanne asubuhi tupeleke mkojo maabara. Mpaka majibu yatoke sitalitaja tena." Ahadi hiyo uitimize, maana ukianza kumkumbusha kila jioni, Jumanne hatakwenda.

Kopo achukue maabara. Akojoe kidogo chooni kwanza, kisha akinge mkojo wa katikati hadi nusu ya kopo bila kugusa ndani yake, na aufikishe ndani ya saa moja. Kama daktari anashuku kichocho, utaratibu hubadilika: mkojo ukingwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, baada ya kutembea kidogo, na matone ya mwisho yasiachwe kwa kuwa ndiyo yenye mayai mengi. Hoja ya bitiruti nayo itajibiwa hapo hapo, kwani kijiti cha kupimia hutambua damu yenyewe, si wekundu. Hadubini ndiyo itakayothibitisha kama kuna chembe nyekundu za damu.

Tahadhari moja tunaisisitiza. Mara nyingi mgonjwa hupewa antibayotiki bila mkojo kuoteshwa maabara, yaani kuangaliwa kama kuna vijidudu vinavyoota. Damu inakoma yenyewe kama ambavyo ingekoma bila dawa, na kila mtu anaridhika. Ombeni mkojo uoteshwe kabla ya dawa, na upimwe tena baada ya dozi kwisha. Ultrasaundi nayo hufanywa kibofu kikiwa kimejaa, lakini uvimbe mdogo huweza kuipita. Ikiwa picha ni safi na chanzo cha damu bado hakijulikani, daktari atashauri kamera ya kibofu, yaani kamera nyembamba inayopitishwa kwenye njia ya mkojo. Kwa kawaida hufanywa kwa jeli ya ganzi, huchukua dakika chache, na mkojo huweza kuchoma siku moja au mbili baadaye. Ikiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, asizisingizie; uchunguzi unahitajika vilevile, wala asiziache bila daktari.

Akitoa mabonge ya damu, akishindwa kukojoa, akipata homa na maumivu ya ubavu, au akiishiwa nguvu na kuona kizunguzungu, msisubiri Jumanne. Nendeni siku hiyo hiyo.

SWALI: Je, naweza kukinga mkojo wa mume wangu kwa siri nikaupime?

JIBU: Hapana. Uliookotwa chooni umechanganyika na maji, dawa za kusafishia na vijidudu, kwa hiyo majibu hayaaminiki. Na hata yakiwa sahihi, utamwambiaje umeyapata wapi? Kipimo cha pili kitamhitaji yeye mwenyewe, na hapo atakuwa hakuamini tena.

SWALI: Mke wangu ana miaka 57. Hedhi ilikoma miaka minne iliyopita, sasa anaona madoa ya damu na anasema hedhi imerudi. Anaona aibu kupimwa.

JIBU: Ndugu, hedhi ikishakatika miezi 12 mfululizo, damu inayokuja baadaye haihesabiwi kuwa hedhi, hata ikiwa doa moja. Mara nyingi chanzo ni ukavu na wembamba wa ngozi ya ndani ya uke, lakini saratani ya mfuko wa uzazi nayo huanza hivi hivi, na ikigunduliwa mapema hutibika vizuri. Daktari atapima unene wa utando wa mfuko kwa ultrasaundi ya ukeni, na akiona haja atachukua kipande kidogo kikachunguzwe. Ulizia mapema siku ambayo daktari mwanamke yuko zamu, umwambie mkeo hivyo. Msindikize, lakini yeye ndiye aamue kama utaingia naye chumbani au utasubiri nje. Aandike tarehe za madoa na dawa zote anazotumia, hasa za homoni na tamoxifen (dawa ya saratani ya matiti).